Kanyagio la Tatu Lilipoondoka: Historia Fupi ya P, R, N na D

Nimekuwa kimya kwa sababu ya test, mnisamehe. Leo sina habari za kantini wala za nani kamwacha nani. Nataka tuongelee herufi nne ambazo wengi wetu tumeziona ndani ya gari na hatujawahi kuziuliza swali: P, R, N, D. Magari mengine yana 2 na L chini yake. Ukipanda IST au Vitz ya mtu ziko pale karibu na mguu wa dereva, zimejipanga kama wanafunzi wa mstarini asubuhi. Kwa nini P iko juu? Kwa nini R, ya kurudi nyuma, imetangulia N? Nani aliamua?

Kwa sisi tunaosoma historia hilo ni swali halali kabisa, sawa na kuuliza nani alichora mpaka. Na jibu nalitoa mapema ili asiyependa post ndefu aondoke nalo: foleni ile ilichukua karibu miaka 30 mpaka kukubalika, na sababu kubwa ya kuipanga vile ni kwamba watu walikuwa wanaumia. Sisi gari limetufikia likiwa limeshamalizika, tena mtumba, na hadithi yake imebaki huko lilikotoka. Ndiyo maana wengi tunaendesha otomatiki kwa tabia za gari la klachi. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Kwetu ni Makanyagio, Mpanda. Kwa wasiojua, kanyagio ni kile unachokikanyaga kwa mguu, liwe la cherehani, la baiskeli au la gari. Sisemi kata yetu ilipata jina kwa ajili ya magari, ila kwa mada ya leo jina limekaa vizuri mno. Nilipokuwa likizo, gari moja la jirani liliondoka lenyewe uani. Mwenyewe alikuwa ameshuka kupokea simu, kaacha gia kwenye N, hendibreki hakuvuta, maana uwanja kwa macho unaonekana tambarare. Likaanza kutambaa taratibu, hakuna sauti, likaenda kusimama kwenye ukuta wa jiko la nje la nyumba ya pili. Tofali zikamwagika juu ya mafiga. Watoto waliokuwa wanamenya maharage pale walikuwa wameitwa ndani kula muda mfupi tu kabla. Hakuna aliyeumia. Watu wakasema ni Mungu, na mimi nasema amina. Lakini kijiweni jioni maelezo yalikuwa moja tu: "Magari haya ya otomatiki hayana breki."

Baba yangu mdogo alikuwepo kijiweni. Ameendesha Fuso miaka zaidi ya 20, na mwaka huu kanunua gari dogo la otomatiki. Akaniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, wewe si msomi? Hili gari halina klachi. Nikitaka kulishika, nalishikia wapi?" Nikamwambia, "Baba mdogo, nipe muda." Post hii ndiyo jibu langu, na nitamchapia apelekewe.

ENZI ZA MAKANYAGIO MATATU

Tuanzie nyumbani. Mpanda ilikua kwa ajili ya madini ya risasi, na kufikia 1950 reli ya kutoka Kaliua ilikuwa imefika kuyachukua. Kwa miaka mingi treni ndiyo ilikuwa tegemeo, hasa masika. Magari yaliyofika yalikuwa ya kazi: Land Rover za serikali na za misheni, malori, baadaye Scania zilizounganishwa Kibaha. Karibu yote yalikuwa na makanyagio matatu: klachi, breki, mafuta.

Enzi za Ujamaa gari binafsi lilikuwa kitu adimu. Fedha za kigeni hazikuwepo, na kuagiza gari kulihitaji vibali. Mafuta nayo yalikuwa ya shida. Wazee wetu wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Jumapili ikifika saa 8 mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Katika hali ile dereva mzuri alikuwa yule anayejua kubana mafuta. Akifika mteremkoni anatoa gia, anaweka frii, lori linashuka kwa uzito wake. Kwa injini za petroli za zamani, zenye kabureta, kweli tone moja moja lilibaki kwenye tangi. Na ajali zilitokea, lakini sifa ya ubahili wa mafuta ilibaki ikirithishwa kutoka kwa dereva kwenda kwa utingo.

Tabia ya pili ya enzi hizo: gari la klachi likizimwa likiwa ndani ya gia, injini inalishika. Kwa hiyo dereva wa Land Rover yenye hendibreki mbovu alitia gia namba moja, akatafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi, akaenda zake kula. Na tabia ya tatu: mguu wa kushoto una kazi. Kila unapotaka kusimama, mguu wa kushoto unakandamiza klachi mpaka chini bila hata kufikiri.

Shikeni tabia hizo tatu: frii mteremkoni, kuacha gari kwenye gia, na mguu wa kushoto. Tutazikuta tena.

MAREKANI, 1939 HADI 1968

Wakati sisi tukiwa chini ya utawala wa Waingereza, Marekani kulikuwa na mhandisi anaitwa Earl Thompson. Huyu ndiye aliyekwisha kuleta gia zinazoingia bila kelele kwenye Cadillac mwaka 1928, akiwaondolea madereva kero ya kusaga meno ya gia. Baadaye, ndani ya General Motors, aliongoza kazi ya kuondoa kanyagio la klachi moja kwa moja. Mwishoni mwa 1939 kampuni ikatangaza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic, kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hiyo ndiyo otomatiki kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Vita vilipopamba moto ikawekwa hata kwenye vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani.

Siri yake kubwa ilitoka kwenye meli. Mjerumani Hermann Föttinger alishaonyesha tangu 1905 kwamba nguvu inaweza kupitishwa kwa mafuta badala ya chuma kugusa chuma. Chukua feni mbili, zitazamane, washa moja. Ile ya pili itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Sasa badala ya upepo weka mafuta, na feni zote mbili zifungie kwenye chungu cha chuma. Ya kwanza inazungushwa na injini, ya pili inapeleka nguvu kwenye gia. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa likiwa kwenye D bila kuzima. Na ndiyo maana ukiachia breki tu, linaanza kwenda lenyewe kabla hujagusa mafuta: feni ya kwanza haijaacha kupuliza.

Sasa sikilizeni hii. Ile Hydra-Matic ya kwanza haikuwa na P kabisa! Foleni yake ilikuwa N, D, L, R. Ukitaka kuegesha unazima injini kisha unaweka R, giaboksi inajifunga. R iliwekwa mwisho, jirani na L, na mojawapo ya faida zake ilikuwa hii: gari likinasa kwenye theluji au matope unapeleka mkono L, R, L, R, gari linayumba mbele na nyuma mpaka linachomoka. Mtu wa Mpanda anayejua masika anaelewa kabisa walichokuwa wanakitaka.

Tatizo ni kwamba L na R ni maadui. Moja inapeleka mbele, moja nyuma, na kati yao hapakuwa na kitu. Dereva anashuka mlima, anavuta mkono kutafuta L apunguze mwendo, mkono unapitiliza unaingia R. Au yuko kwenye maegesho, anadhani ameweka L, anakanyaga mafuta, gari linaruka nyuma alikosimama mtu.

Na kila kampuni ilikuwa na foleni yake. Buick ilipoleta Dynaflow mwaka 1948 iliongeza P, lakini ikaacha R kule mwisho: P, N, D, L, R. Packard mwaka 1949 ikafanya karibu vilevile. Ford mwaka 1951 ikapanga P, R, N, D, L, foleni ambayo leo tunaiona kama imeshuka kutoka mbinguni. Chrysler kuanzia magari ya 1956 ikaacha mkono, ikaweka vitufe vya kubonyeza kama redio, ikaendelea navyo hadi magari ya 1964. Hebu fikiria mtu ana Ford, kaazima Buick ya shemeji yake. Mkono wake unajua njia ya Ford. Miguu na mikono haisomi maandishi, inafuata mazoea.

Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu chake cha kulaumu viwanda vya magari, Unsafe at Any Speed, na mojawapo ya mambo aliyoyashambulia ni huu mchanganyiko wa foleni za gia. Hoja yake kwa jumla ilikuwa kwamba viwanda vimezoea kumlaumu dereva kwa makosa ambayo vyenyewe vimeyaandaa. Kelele zikawa nyingi, sheria ya usalama wa magari ikapitishwa mwaka 1966, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 kanuni namba 102 ikaanza kufanya kazi kwa magari mapya ya Marekani. Kwa lugha yetu ilisema mambo mawili makubwa: N lazima ikae kati ya R na gia za kwenda mbele, na gari lisiweze kuwaka likiwa kwenye gia ya kwenda mbele au kurudi nyuma.

Kwa hiyo ile N pale katikati ni ukuta. Iliwekwa kutenganisha mbele na nyuma, baada ya takriban miaka 28 ya watu kupita pasipo na ukuta.

KUTOKA JAPANI HADI MPANDA

Japani waliingia kwenye mchezo mapema. Toyota walitoa otomatiki yao, Toyoglide, mwaka 1959. Miaka ilivyokwenda Wajapani wakaipenda hasa, maana foleni za Tokyo na klachi haviendani. Mwaka 1991 wakaanzisha hata leseni ya mtu anayeruhusiwa kuendesha otomatiki peke yake.

Huku kwetu, mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na awamu ya Mzee Mwinyi, mzee Ruksa, ikafungua milango zaidi. Japani nako kuna ukaguzi wa gari wa lazima: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake inauma. Wengi huona bora kuuza gari likiwa bado zima. Usukani wao uko kulia kama wetu. Meli zikawa zinashusha Dar es Salaam: kwanza Corolla na Starlet, kisha Vitz, IST, Noah na ndugu zao. Katavi ikawa mkoa mwaka 2012, na barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda, yenye kilomita zaidi ya 340, ikafunguliwa rasmi mwaka 2022. Gari dogo ambalo zamani lisingethubutu safari ile sasa linakuja mpaka Makanyagio likiwa na plastiki kwenye viti.

Lakini angalieni kilichosafiri na kisichosafiri. Gari limekuja. Foleni ya P, R, N, D imekuja. Kitabu cha maelekezo kimekuja kwa Kijapani, kama kimekuja. Stika ya onyo pale juu ya kioo imeandikwa Kijapani, tunaisifia kwamba inaonyesha gari ni "original" na hatujui inasema nini. Kwa kifupi Mmarekani aliumia, Mjapani akasoma, sisi tukapewa gari bila somo. Na somo lililokuwepo hapa lilikuwa la Fuso.

Kenya siku hizi wana daraja la leseni, B1, la magari madogo ya otomatiki. Ni kukiri kwamba haya ni magari mawili tofauti kwa dereva, hata kama barabara ni moja.

SASA TUMJIBU BABA MDOGO

"Nalishikia wapi?" Tupite herufi moja moja, na zile tabia tatu tukizikumbuka.

P. Ukiweka P, ndani ya giaboksi kuna kijino cha chuma kinachodondokea kwenye gurudumu lenye meno. Kijino kimoja, wadau. Ukubwa wake ni wa kidole hivi, na uzito wote wa gari unaegemea hapo. Kwenye tambarare kinatosha. Mteremkoni unakitesa, na ndiyo ule mlio wa "ka!" unaousikia ukitoa P asubuhi. Utaratibu sahihi: kanyaga breki gari lisimame kabisa, vuta hendibreki, peleka N, achia breki ya mguu kidogo ili gari likae juu ya hendibreki, kanyaga tena, kisha ndiyo weka P na uzime. Hapo hendibreki inabeba mzigo na kijino kinabaki mlinzi. Na usiweke P gari likiwa linatembea hata kidogo, kijino kitagonga meno kama panga linalogonga mawe.

Kuacha gari kwenye gia, ile tabia ya pili, hapa haifanyi kazi. Otomatiki ikizimwa ikiwa kwenye D au N hakuna kinacholishika. Feni mbili zilizosimama kwenye mafuta haziwezi kuzuia gari. Ndicho kilichotokea kwa jirani. Lile gari breki lilikuwa nazo, ila hakuna aliyeliambia lisimame.

R. Gari lisimame kabisa ndiyo uiweke. Kinachosahaulika ni kwamba ukitoka P kwenda D unapita R kwanza. Kama hukukanyaga breki, kwa sekunde hiyo gari lina ruhusa ya kurudi nyuma. Nyumba zetu nyingi hazina uzio, na nyuma ya gari ndiko kwenye kivuli, ndiko watoto wanakochezea. Zunguka gari kwa miguu kabla ya kupanda. Haigharimu lita hata moja.

N. Hapa ndipo nitagombana na wazee. Kushuka na frii, tabia ya kwanza, kwenye gari hizi hakuna faida. Magari yenye mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta, ukiwa kwenye D mteremkoni na umetoa mguu, kwa kawaida hukata mafuta kabisa, injini inazungushwa na magurudumu bure. Ukiweka N, injini inabidi ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo unayedhani unabana, unatumia zaidi. Na umeitupa injini iliyokuwa inakusaidia kulishika gari, breki zimebaki peke yake, zinapata moto, zinapungua nguvu. N ni ya kusukumwa, ya kusubiri kwa muda na breki imekanyagwa, na ya kuwa ukuta. Basi.

Kuvutwa nako kuna adabu. Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima na magurudumu yanayovuta gari yako chini yanazunguka, vyuma vinasuguana vikavu. Ukivutwa na trekta kutoka matopeni mita chache haina neno, ila kuvutwa hivyo kutoka Sitalike mpaka mjini ni kuua giaboksi. Pandisha gari kwenye lori. Na usihangaike kulisukuma liwake, hizi haziwaki kwa kusukumwa. Zile Hydra-Matic za zamani ziliweza kwa sababu zilikuwa na pampu ya pili nyuma. Za leo hazina.

D. Ni ya kwenda, kila mtu anajua. Hatari yake ni ile feni isiyoacha kupuliza. Dereva wa Fuso anafika kwenye geti, anashuka kulifungua na injini inaunguruma, kwa sababu lori lake liko frii. Akifanya hivyo na gari liko D, litamfuata. Kama unatoa mguu kwenye breki ili ushuke, hata kwa dakika moja: P na hendibreki, kila mara.

Na mguu wa kushoto, ile tabia ya tatu, upumzishwe kabisa. Kanyagio la breki la otomatiki ni pana, limesogea hadi sehemu ilipokuwa klachi. Mguu wa kushoto ukishtuka ukashindilia "klachi", umeshindilia breki yote, abiria wote usoni kwenye kioo na lori nyuma yako. Mguu wa kulia mmoja, breki na mafuta. Ukivuta mkono wa gia ukiwa umesimama, mguu wa kulia uwe juu ya breki.

2 na L. Hizi ndizo jibu lenyewe la "nalishikia wapi". Kwenye D, gari linaona mwendo umeongezeka na mguu hauko kwenye mafuta, linapanda gia za juu, ndiyo maana mteremkoni unahisi linakimbia lenyewe na hakuna cha kulishika. Ukiweka 2 unaliambia lisipande zaidi ya gia ya pili. Injini inapiga kelele kidogo, usiogope, hiyo kelele ndiyo breki yako. L ni kwa mteremko mkali zaidi. Mengine yana kitufe cha O/D, ukikizima gia ya juu kabisa inazuiwa. Unachagua mapema, kabla ya kuanza kushuka, mwendo ukiwa mdogo. Anayeshuka Lyamba lya Mfipa kutoka Kizi kuja Sitalike, au Kitonga kule Iringa, afanye hivyo. Sheria ya zamani ya madereva wa malori, kwamba mlima unaushuka kwa gia unayoupandia, haijafa. Imehamia kwenye 2 na L tu.

JE, HADITHI IMEISHA?

Haijaisha, na hii ndiyo sehemu ya kutufanya tusiwacheke wazee. Kanuni ya 1968 haikumaliza kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ford walilalamikiwa kwamba gari linaonekana liko P kumbe mkono haujaingia vizuri, unateleza kwenda R injini ikiwa inawaka. Mwaka 1980 suala likaisha kwa makubaliano ya kutuma stika za onyo kwa wenye magari karibu milioni 23. Stika, wadau!

Mwaka 1986 ikawa zamu ya Audi. Watu walisema gari linachomoka lenyewe likitolewa P. Mwaka 1989 wakala wa usalama barabarani wa Marekani ulihitimisha kwamba kwa sehemu kubwa madereva walikuwa wanakanyaga mafuta wakidhani ni breki. Dawa ikawa kufuli: mkono hautoki P mpaka ukanyage breki. Ndiyo kufuli iliyopo kwenye magari yetu mengi. Kile kitufe kidogo cha SHIFT LOCK pembeni ya gia ni cha dharura, betri ikifa. Kama kila siku inabidi ukibonyeze ndipo gia itoke P, angalia taa za breki. Mara nyingi fyuzi au swichi ya taa hizo ndiyo imekufa, maana yake pia wa nyuma yako haoni unaposimama. Kumwambia fundi aitoe hiyo kufuli "kwa sababu inasumbua" ni kurudisha gari kabla ya Audi.

Mwaka 2016 hata mkono wenyewe ukaleta shida. Fiat Chrysler waliita zaidi ya magari milioni 1.1 duniani kwa sababu mkono wake wa kielektroniki ulikuwa unarudi katikati kila ukiusukuma, dereva hawezi kujua kwa mkono yuko gia gani. Juni mwaka huo mwigizaji Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikufa kwake baada ya Jeep yake ya aina hiyo kuserereka ikambana kwenye nguzo ya geti. Marekani, gari jipya, mtu mjanja wa mjini. Kwa hiyo kijiwe cha Makanyagio kisijione kina ushamba wa peke yake.

Mimi ninachokiona humo ni hiki. Kila mara kosa lilianza kwa mtu kuamini mazoea kuliko kile kilicho mbele yake. Wahandisi wakaweka ukuta wa N, wakaweka kijino, wakaweka kufuli, na bado wakaacha kazi moja ambayo haiwezekani kuifunga kwa chuma: dereva atazame herufi, avute hendibreki, kisha ndiyo ashuke.

Kwa wale waliorukaruka aya (nawajua), chukueni haya matano: mguu wa kulia kwenye breki kabla ya kugusa gia; gari lisimame ndipo ubadilishe mbele na nyuma; hendibreki kwanza kisha P; mteremkoni 2 au L na kamwe usiweke N; na zunguka gari kabla ya kurudi nyuma.

Mwenye baba mdogo mwenye IST amchapie. Tuonane nikimaliza test ya Jumatano, tuombeane uzima.